Taya ni langu, lawama anabeba mke wangu

Admin, nifichie jina, maana dada zangu wanaufuata ukurasa huu. Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanaume wa miaka 37, kwetu Muleba, ila duka langu liko huku Kyerwa. Nina mke na watoto wawili, wa kike ana miaka minane, wa kiume sita.

Binti yangu alipong'oka meno ya utoto, yalipoota ya ukubwani ya chini yakatangulia mbele ya yale ya juu. Tukadhani yatajirudi. Kidevu nacho kikaanza kusogea mbele, katikati ya uso pakawa kama pamebonyea. Mdogo wake meno yamekutana vizuri, na kadiri wanavyokua sura zao zinazidi kuachana. Binti muhindi wa kuchoma anautafuna kwa pembeni, kwa magego. Shuleni wanamwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Krismasi mama na dada zangu walikuja. Wakamwangalia mtoto, wakamgeukia mke wangu. Yeye ni wa Kimuli, huku huku Kyerwa, wazee wake walitokea Rwanda. Mama akasema, "Kwetu hakuna sura hii. Uliza vizuri mwanangu, mfupa huu umetoka wapi." Dada zangu wakacheka. Mke wangu akanitazama. Mimi nikaendelea kula.

Jamani, taya hilo ni langu. Tangu ujana nafuga ndevu na masharubu, na nikicheka naziba mdomo. Mama ndiye aliyenilea, anajua; dada zangu ni wadogo kwangu sana, akili zimewajia mimi tayari nina ndevu.

Juzi juzi tukampeleka mtoto hospitali. Daktari wa meno akasema mifupa bado inakua, kuna kifaa cha kuvaa usoni kinachovuta taya la juu lije mbele, ila tusichelewe, akishakomaa itabaki upasuaji. Akauliza, "Nani kwenye familia ana taya kama hili? Nataka nijue linaweza kukua kiasi gani." Mke wangu akanigeukia, ananisubiri. Nikasema, "Hakuna, daktari."

Tulipotoka nje mke wangu akasema taratibu, "Miaka yote hii nalala na wewe, unadhani sijayaona meno yako?" Kesho yake akachukua watoto, akaenda kwao. Sharti lake ni moja: nikaseme ukweli mbele ya mama na dada zangu, ndipo turudi kwa daktari.

Nikamwendea mama, nikamweleza sharti hilo. Akalia sana. "Ukisema hilo, dada zako wataniuliza wewe ulilitoa wapi. Mimi sina, baba yako hakuwa nalo. Amekufa bado ananiuliza." Nikamuuliza kama kuna kitu ananificha. Akasema, "Haki ya Mungu, hakuna. Lakini nani aliniamini?"

Kumbe yaliyomtesa yeye ndiyo aliyomfanyia mke wangu, na mimi nikakaa kimya nikitafuna.

Jana binti yangu alinipigia kwa simu ya mama yake. Akaniuliza, "Baba, hivi mimi nimefanana na nani?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Ndugu zangu, nitukaneni, nastahili. Ila nikisema, mama yangu atadhalilika mbele ya wanawe uzeeni, na mtoto naye hasubiri, anakua. Nimwambie nani kwanza, na nianze na neno gani?