Kamisheni Tupu na Mtani wa Kilimarondo

Juzi, katika duka moja hapa Nachingwea, nilimkuta kijana akipewa kazi ya kuchuuza kanga kwa baiskeli.

"Chagua," alisema mwenye duka. "Mshahara mdogo na kamisheni kidogo, au kamisheni tupu, lakini nono."

"Tupu!" kijana alijibu, kifua mbele. "Kilimarondo nzima wananijua."

Mama aliyekuwa akinunua chumvi aligeuka. "Hata mimi nakujua, mtani wangu." Akachomoa kanga kwenye furushi la kijana, akajitanda, akaenda zake akicheka.

Kijana aliinua mkono amwite, akaushusha. Mtani hadaiwi.

"Bwana," akanong'ona, "ule mshahara bado upo?"

"Upo. Umepungua kanga moja."

Sikumcheka. Sote tulianza kazi tukidhani kujulikana ni mtaji, kumbe wanaotujua sana ndio wasiolipa.