Vioo Vinavyogeuka Rangi Bila Kuguswa

Saa mbili asubuhi. Mama Vioo anafungua kabati la chumba cha chini cha maabara, anahesabu vipande arobaini vya kioo, kisha anarudi nyuma hatua moja. Kile cha kwanza, karibu na ukuta, kinatoka waridi kinaingia zambarau. Hajakigusa.

"Sasa cha pili," ananong'ona. Kweli, cha pili nacho kinageuka. Mwandishi wa makala haya naye anarudi nyuma hatua moja.

Mama huyu wa miaka arobaini na saba ni msafishaji. Kila kioo kimepakwa chembe za dhahabu ndogo kupita vumbi, naye huviosha, huvikausha na kuvipanga. Mwezi uliopita vilipohamishiwa chumba hiki na kuanza kugeuka, mkuu wake alidai anavishika kwa mikono mibichi. Wenzake nao wakasema lao.

"Eti mchawi! Mchawi gani anapiga deki?" Anacheka, halafu anaacha ghafla.

Kabla yake, chumba hiki kilikuwa mikononi mwa kaka yake. Alifukuzwa miaka sita iliyopita kwa ulevi: alikutwa anapepesuka, ananuka spiriti. Aliapa hajawahi hata kuonja. Mama Vioo hakumwamini, na tangu siku hiyo hajamwamkia.

Mama Vioo alipotaka kujisafisha jina, alijifungia humu akakaa kitini, mikono mapajani. Vioo vikageuka kimoja kimoja, kama kuna mtu anapita mbele ya kabati. Alipotaka kusimama, miguu ikamkataa. Ndipo harufu ikamfikia.

"Ilikuwa harufu ya kaka siku ile," anasema. "Nilidhani amekufa, mwanangu, amekuja kuniaga."

Mtaalamu wa maabara ndiye aliyemwelewa.

"Dhahabu ni ileile, mama," alimwambia. "Kilichobadilika ni kinachoizunguka. Kwenye hewa kavu utaiona waridi. Mvuke ukitanda juu yake, rangi inakuwa nyingine."

Ukuta ukatobolewa. Ndani, bomba la maji machafu ya maabara lilikuwa na ufa wa miaka mingi, linavujisha mvuke wa spiriti, unaomlevya anayeuvuta hata kama hajaonja tone. Fundi anakuja kesho. Leo tumeruhusiwa dakika tano, mlango wazi.

Barua ya maabara ya kumsafisha kaka imeshapigwa muhuri. Jumapili Mama Vioo ataipeleka mwenyewe.

"Barua itakaa mkobani kwanza," anasema. "Nitaanza kwa kumwamkia. Asipoitikia, nitasimama palepale mlangoni, nimwamkie tena."