Mama Cherehani na Choo cha Posta

Yaani Mama Cherehani alipoingia baraza la mkoa, mwanamke wa kwanza kabisa, walimwangalia kama mbuzi aliyejileta harusini. Alikuwa fundi wa nguo, na nusu ya wanawake waliompa kura walivaa sketi alizoshona yeye. Humo ndani sasa, hata salamu hakupata. Mwenyekiti alimwita "binti" na mwenzake ana wajukuu. Ila mbaya wao alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, naye mjumbe.

"Shemeji, kitambaa kikikushinda unamrudishia mwenyewe. Na hicho kiti je?" akamwambia.

Alichotaka mama wa watu ni kimoja tu: wodi ya wazazi kwenye zahanati ya kwao, maana wajawazito walikuwa wanajifungulia njiani. Lakini baraza lina sheria. Hoja yako ikiitwa hupo kwenye kiti, imekufa mpaka mwakani. Na jengo zima lina choo kimoja, cha wanaume, kwa hiyo yeye anavuka barabara mpaka posta. Mwaka wa kwanza kavuka, kurudi, hoja marehemu. Wa pili vilevile. Kumbe wanamvizia! Akishika mkoba tu, mwenyekiti anaita hoja yake.

Mwaka wa tatu akaja hajanywa kitu tangu jana yake. Shemeji akamletea chai, meno yote nje.

"Karibu chai, shemeji. Ina tangawizi."

"Asante. Mpelekee mwenyekiti, koo limemkauka kwa kuongea."

Mwenyekiti akapokea. Hoja ya mama akaiweka mwisho, akaanza kuvuta muda: mara mitaro, mara sijui rangi ya geti. Akaongeza kikombe cha pili, cha tatu. Mama katulia, mkoba mapajani. Ikafika mahali mwenyekiti anahamia tako hili, anahamia lile, na yeye haruhusiwi kuinuka kabla hoja ya mwisho haijapigiwa kura.

"Soma hoja yako, mama," akasema, jasho linamtoka.

Leo mama, siyo binti.

"Nasoma polepole, mheshimiwa. Macho ya cherehani haya."

"Wanaokubali?" akadakia hajamaliza ukurasa, na mkono wake ndio ulikuwa wa kwanza juu. Wenzake wakamfuata, wamezoea kumfuata. Ikapita. Makofi hakuna, hata moja.

Mlangoni shemeji akamsogelea. "Umetudhalilisha. Kwangu usikanyage tena."

"Sawa. Mkeo akijifungua nitamwona wodini."

Akavuka barabara kwenda posta, taratibu, mkoba begani. Aliyekimbia ni mwenyekiti.