Nukta Nne za Paskalina

Zamani fundi wa majeneza alikwenda msibani na ufito mkononi akampima marehemu huku ndugu wakimtazama. Kisha ikaja siku marehemu akapigwa picha mbili na kutumwa kwa simu, kama gunia la mahindi linalotafutiwa mnunuzi.

Beda alikuwa fundi wa mwisho wa ufito hapa Bombambili. Kila maiti alimkatia ufito mpya, akaulaza kando ya mwili, akautia alama mbili kwa kisu, moja utosini na moja kisiginoni. Jeneza likiisha, ufito ulivunjwa na kuzikwa pamoja na mwenyewe, usije ukampima mtu mwingine. Hakuruka hatua hata moja, hata siku alipompima mkewe, Fortunata. Siku ile aliyeshika ncha ya upande wa miguu alikuwa binti yao, Paskalina, mwenye miaka tisa. Watu wazima walikuwa wanalia, hakuna aliyejitokeza kumsaidia Beda. Mtoto hakulia. Alishika ufito kama alivyoambiwa, uso wake ukiwa shubiri moja kutoka kwenye unyayo wa mama yake.

Huyo Paskalina ndiye ninayemweleza hapa.

Mimi ni jirani yao, mzee wa kuitwa babu na watoto wote wa mtaa. Maisha yangu yote nilichora ramani za nyumba za watu bila kukanyaga chuo chochote. Jiometri niliipata kwenye vitabu ambavyo shule ilikuwa inavitupa. Nilimfundisha Paskalina kwa chaki, kwenye sakafu ya karakana ya baba yake. Nilimwambia nukta ni mahali tu, haina ukubwa. Nilimwambia ukitoa mahali pamoja kutoka mahali pengine unapata safari, yenye upande inakoelekea na urefu wake. Alishika upesi kuliko watoto wote niliowahi kuwaona. Akaenda Mbeya kusomea kompyuta, akarudi na cheti pamoja na kompyuta kuukuu ambayo mfuniko wake ulishikwa kwa mpira wa baiskeli. Kazi hakupata. Alikaa karakanani akipiga msasa.

Wakati huo majeneza ya kiwandani yalikuwa yameingia mjini, yenye vishikio vya dhahabu bandia na kidirisha cha kioo usoni. Wateja wa Beda walipungua hadi mbao zikaanza kuliwa na mchwa zikiwa zimeegemea ukuta. Beda alisema atafunga karakana. Paskalina akamwambia, "Nipe mwezi mmoja, baba."

Programu za kuchora vitu vinavyoonekana pande zote ziliielemea kompyuta yake, ikazima kila alipozifungua. Basi akaandika ya kwake kuanzia mwanzo. Aliandika namna ya kutunza nukta kwa namba tatu: kwenda mbele, kwenda kando, kwenda juu. Akaandika namna ya kutoa nukta kutoka kwenye nukta upate vekta, yaani ile safari, kujumlisha vekta, kuizungusha, kuitafutia urefu kwa kipeuo cha pili. Mwisho jeneza likatokea kwenye kioo cha kompyuta na cha simu, na mfiwa aliweza kuligeuza kwa kidole akaliona hadi uvunguni. Ndugu wa marehemu walitakiwa kulaza mwili juu ya shuka lenye mistari ya mraba, wapige picha moja kutoka juu na nyingine ya ubavuni. Paskalina alibonyeza nukta nne, utosi, nyonga, goti na kisigino, na programu ikatoa vipimo vya mbao. Hakuna mtu tena angehitaji kumsogelea maiti na ufito. Nadhani hicho ndicho alichokuwa anakitafuta tangu ana miaka tisa.

Siku alipomaliza alitoa fito za akiba za baba yake, ambazo zilikuwa hazijampima mtu, zilizokuwa pembeni ya mlango akazitia jikoni, akachemshia chai. Chai hiyo na mimi nilikunywa.

"Unaona, babu," akaniambia, "nukta ni mahali. Vekta ni safari ya kutoka mahali hadi mahali."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Chuo," akasema, wala hakuinua macho.

Akanipa daftari alimoandika hesabu zote kabla ya kuziingiza kwenye mashine, nizikague. Nilikwenda mstari kwa mstari kwa kidole. Kwenye ukurasa wa saba kidole kikasimama.

Alikuwa na safari tatu: utosi hadi nyonga, nyonga hadi goti, goti hadi kisigino. Alikuwa amezijumlisha zote kwanza, kisha ndipo akatafuta urefu. Mtu akitoka Bombambili akapitia sokoni akaenda hospitali, miguu yake inajua imetembea kiasi gani. Lakini ukijumlisha safari zenyewe kabla ya kuzipima, unabaki na mstari mmoja mnyoofu kutoka alikoanzia hadi alikofika, na kona zote zimefutika. Ilimpasa apime kila safari peke yake, halafu ajumlishe urefu wa zote tatu. Kwa mwili ulionyooka majibu ni yale yale. Naye alikuwa amejaribu kwa baba yake tu, aliyelala kwenye benchi amejinyoosha kama ubao.

"Umeona kosa, babu?"

"Sioni kosa," nikasema, na nikamrudishia daftari.

Kazi ya kwanza ilitoka kijiji cha Maposeni. Alifariki Bibi Adela, mama yake Remmy yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Remmy alipenda kitu kinachogeuka kwenye simu. Alimwambia Paskalina kwamba akiridhika, wafanyabiashara wenzake wote watamfuata. Paskalina akakimbia kumweleza baba yake, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilimwona Beda akinoa randa.

Picha zikaja. Bibi yule alikuwa amefia kitini, na magoti yake yalikuwa yamekunjwa juu. Beda aliposomewa vipimo alisita.

"Bibi Adela alikuwa mfupi hivi?"

"Namba ndizo hizo, baba. Nimeweka hata goti."

Beda akanigeukia mimi. "Kaka Isidori, wewe unasemaje?"

"Uzee hupunguza watu," nikamjibu.

Nilikwenda nao Maposeni. Jeneza lilikuwa zuri, mninga mtupu, limepigwa vanishi hadi unajiona. Lakini akina mama walikuwa wamemwosha marehemu kwa maji ya moto, wakamkanda magoti, wakayafunga kwa kitambaa hadi yakanyooka. Alipoingizwa, kichwa kilikaa na miguu ikabaki nje, shubiri nzima, katika soksi nyeupe.

Mwanamke mmoja akasema, "Mama mzima mnamletea la mtoto!"

"Fundi," Remmy akasema, "hili ni jeneza au sanduku la kwendea bweni?"

Beda aliomba msumeno na muda kidogo. Angeondoa ubao wa miguuni aunge kipande. Wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Peramiho, na katekista alikuwa ameshafungua kitabu.

"Muda gani tena?" Remmy akafoka. "Si mlimpima amekunjwa? Mkunjeni basi!"

"Usiseme hivyo, mwanangu," Beda akamwambia. "Ni mama yako."

"Ni mama yangu, ndiyo. Na wewe ndiye umemfanyia hivi."

Vijana wawili wa ukoo wakakata kitambaa, wakabonyeza. Magoti yaliyokandwa asubuhi nzima hayakukubali mara moja. Sauti ilisikika hadi nilipokuwa nimesimama, karibu na banda la kuku. Paskalina alikuwa amelishika jeneza upande wa miguuni lisiteleze. Kama siku ile ya mama yake, hakulia.

Habari ilifika Bombambili kabla yetu. Wiki hiyo hiyo watoto walikuwa wanajilaza kwenye vumbi Paskalina akipita, wamekunja magoti. "Dada, tupime! Dada, tutatosha?" Mama zao walicheka wakiwa wamegeukia ukuta. Hakuna aliyeagiza jeneza tena kwa Beda, la simu wala la ufito. Katika sala za jumuiya watu walisogea mbali na Beda, wakamwachia nafasi pana sana kwenye benchi.

Siku ya kumi Paskalina alikuja kwangu na daftari. Alikuwa amelifungua ukurasa wa saba.

"Kosa liko hapa, babu. Nimejumlisha kabla ya kupima."

"Kumbe."

"Ulipofika hapa kidole chako kilisimama. Nilikiona. Nikajua umepaelewa, ndiyo maana nikakuamini."

"Kidole cha mzee hupumzika popote."

Alisubiri. Mimi nilikuwa na maneno ya kutosha. Nilisoma vitabu vingi kuliko walimu wake. Sikutoa hata moja. Akachana ukurasa ule, akaukunja, akauacha juu ya meza yangu. Bado ninao, na hesabu nyingine zote zilizomo ni sahihi.

Mara ya mwisho niliwaona kwenye barabara ya kwenda Namtumbo, wakihama, wakipakia mizigo kwenye pikapu ya shemeji yake Beda. Benchi la karakana lilikuwa limefungwa miguu juu. Kompyuta sikuiona. Kando ya gunia la vifaa palikuwa na fito mbichi nne au tano, zimekatwa asubuhi ile, bado zina majani. Beda alinipita na randa zake akapanda nyuma, akakaa amenigeuzia mgongo. Paskalina alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa kidogo, kama vijana wa siku hizi wasivyofanya.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," nikasema.