Yaya wa Mashine

Ofisini walimwita Yaya kwa sababu kazi yake ilikuwa kuilisha mashine. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwenye ndevu na goti bovu, na jina hilo alilipokea bila kinyongo; hawakuwahi kumpa kitu kingine. Mashine yenyewe ilikuwa programu iliyofundishwa kutambua magonjwa ya mimea kwa picha ya jani. Yaya alipokea picha kutoka mashambani, akatupa zilizomnasa ng'ombe kwa bahati mbaya, akazisawazisha ukubwa, akaandika programu ya kuilisha mashine picha hizo fungu kwa fungu. Chumba chake kilikuwa stoo zamani. Kuna siku aliyefungua mlango ule alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anatafuta choo.

Jumatatu moja mashine ikafanya mtihani, ikapata asilimia tisini na nane.

"Yaya, kumbe unajua kulea!" alisema bosi, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano. "Leo kaka unakula na sisi. Sogeeni, mwacheni mzee akae."

Wakasogea. Siku tatu mfululizo wakasogea. Alicheka vichekesho asivyovielewa. Akaulizwa ana watoto wangapi, akajibu hana, wakamwongezea chakula kana kwamba ndiyo dawa yake.

Alhamisi asubuhi, akipitia picha za mtihani, akaona jani limeshikwa na kidole gumba chenye plasta. Akalitafuta kwenye picha za kufundishia. Jani lile lile, gumba lile lile, limepinduliwa tu.

Picha zilikuwa chache, naye alikuwa amenakili kila moja mara kumi, hii akiipindua, ile akiitia giza, ili mashine izoee. Hilo halina ubaya. Ila alipaswa kutenga kwanza za mtihani, ndipo anakili. Yeye alinakili, akachanganya, ndipo akagawa. Mashine ilikuwa imeingia kwenye mtihani na majibu mfukoni.

Akinyamaza, Jumatatu programu inaingia kwenye simu za wakulima, na mtu atang'oa shamba zima lisilo na ugonjwa. Yeye ataendelea kusogezewa kiti. Alilitazama gumba lile mpaka chai ikapoa, kisha akaenda kwa bosi, akamweleza yote.

"Nani mwingine anajua?" bosi aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Sasa kaka, si ungeniambia baada ya Jumatatu?"

"Baada ya Jumatatu utaambiwa na wakulima."

Bosi akajishika kichwa. "Bila majibu mfukoni inapata ngapi?"

"Nimeipa picha ambazo haijawahi kuziona. Sitini na tatu."

"Mama yangu!"

Uzinduzi ukaahirishwa kwa sababu za kiufundi, na ofisi nzima ilijua sababu hizo zinavaa suruali gani. Ijumaa mchana Yaya alikwenda mezani. Hakuna aliyemfukuza; walikuwa watu wenye adabu. Walikula wakitazama sahani zao, na jirani yake akakumbuka simu ya kupiga.

Jumatatu hakutoka chumbani. Alitenga picha za mtihani kwanza, shamba kwa shamba, akaziweka mahali ambapo programu yake isingeweza kuzigusa. Alikula hapo hapo, kijiko mkono mmoja, kipanya mkono mwingine. Jioni mashine ikapata sitini na saba, zote za haki.

"Umejitahidi, mama," aliiambia kwa sauti, kisha akageuka haraka kuona kama kuna aliyemsikia.