Cherehani ya Wanawake wa Kisauni

Vita vilipokwisha, alikuja Kisauni mama mmoja wa Kizungu na cherehani ya mkono. Akatueleza kwamba wanawake wa kwao wamechanga wakatununulia, ili tushone tujipatie riziki. Sisi tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, kwa kuwa barazani walikaa wanaume. Wakati wa kukabidhi, mzee wa mtaa akanyoosha mikono, akapokea. Na sisi kwa furaha tukapiga vigelegele! Yule mama akaenda zake akijua tumeridhika.

Kesho yake cherehani ilikuwa kwa mpwa wa yule mzee, fundi wa kanzu, anaizungusha kama mali ya babake.

Niliumia sana. Nilikuwa nimeachwa, nimerudi kwa mamangu, na mjomba ameshaniletea posa ya mtu niliyemchukia tangu kumwona. Kauli yake ilikuwa moja: nisipoolewa, nitalishwa na nani? Cherehani ile ndiyo iliyokuwa jawabu langu.

Mamangu alikuwa kiongozi wa lelemama, ngoma yetu ya wanawake, na mzee wa mtaa alikuwa karibu kumwoza binti yake. Mama akapitisha neno nyumba kwa nyumba: hakuna wa kwenda kucheza. Harusi bila lelemama ni aibu, mji mzima ungesema. Mzee akaja mbio.

"Hodi! Bibi, mwataka kuniaibisha?"

"Lete cherehani."

"Lakini cherehani ni kazi ya wanaume, wallahi!"

"Vyema," mamangu akajibu nyuma ya mlango. "Basi na lelemama wacheze hao wanaume."

Nilicheka hadi nikajiziba mdomo kwa leso. Jioni ile ile fundi aliileta mwenyewe, kaibeba kichwani, kanuna.

Tulijifunza kwa zamu, tukaharibu vitambaa, tukagombana. Sindano ilinitoboa kidole, nikakifunga nikaendelea. Ilipokaribia Idi, akina mama hata wa mtaa wa Mtopanga walikuwa wakiniletea vitambaa niwashonee watoto wao magauni.

Mjomba akaja kutaka jawabu. Katika ndoa ya kwanza niliulizwa nikainamisha kichwa, na kimya changu kikahesabiwa ridhaa. Safari hii nilisimamisha gurudumu, nikamtazama usoni.

"Sitaki, mjomba."

Alingoja niseme zaidi. Nikaendelea kushona.