Picha Kabla ya Kitovu Kuanguka

Ninazalisha wanawake majumbani kwao hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa. Sina mkubwa wa kazi wala mshahara, na kwa muda mrefu statu ya simu yangu, pale wote wenye namba yangu wanapoona picha za siku, ndiyo iliyoniletea kazi. Mtoto akizaliwa, familia ikikubali, niliweka picha ya miguu yake au ngumi yake, na jioni wake za wavuvi waliniandikia kuuliza kama nina nafasi. Siku hizi siweki kitu. Watu wanasema nimeanza kujiona. Waseme.

Kilichonibadilisha kilitokea Lweba, kijiji cha jirani, kwa mama mmoja kijana aliyekuwa akizaa kwa mara ya kwanza. Mume wake alikuwa safarini kuuza samaki. Aliyebaki naye ni wifi yake, mwanamke mchangamfu, mwepesi wa kusaidia, ambaye simu haikumtoka mkononi hata akiteka maji. Kwao mtoto hatoki nje kabla kitovu hakijaanguka, na wageni wanarudishwa mlangoni kwa heshima. Wifi hakumtoa mtoto nje. Hakumwingiza mgeni. Alimpiga picha tu, akaituma kwenye kundi la ukoo. Kwa mawazo yake mila ilikuwa salama, maana mtoto alikuwa bado ndani.

Mtoto akashikwa na homa. Tulipanda pikipiki kwenda hospitali, mama amemkumbatia mtoto, mimi nimemkumbatia mama. Tulirudi na maiti. Kitovu kilikuwa hakijaanguka.

Ndipo pongezi zikaanza kuingia. Ukoo ule umetawanyika: Uvira, kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, Minembwe huko juu ambako mtu anapanda kilima kutafuta mtandao. Kwa hiyo rambirambi ya Uvira ilitangulia, na furaha ya Minembwe ikafika msiba umekwisha. Sauti za wazee zilicheka ndani ya simu, zikamuombea mtoto maisha marefu. Mama amelala, maziwa yanamlowesha nguo, na simu yake inalia.

Niliiomba, nikakaa kando yake nikamjibia kila mmoja. Niliandika "Mutoto alienda" mpaka nikayachukia maneno yale. Nilikuwa na hasira, tena kali, na sikujua niielekeze wapi. Wifi alikuwa pembeni amejifunika kitenge usoni, analia. Mwanamke kama huyo humgombezi.

Tangu hapo, kabla sijakubali kumhudumia mtu, naiambia familia nzima: hakuna picha mpaka kitovu kianguke, yangu wala yenu. Simu zote zinakaa kwenye beseni kavu karibu na mlango. Mke wa mwenye boti mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kwa mwenzangu anayepiga picha. Iliniuma, lakini sikumfuata.

Mwaka huu yule mama wa Lweba akaniita tena. Alizaa mtoto wa kike, mchana, bila shida. Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka simu yake kwenye beseni, kabla sijasema neno. Nilipomaliza kufunga kitovu, mama akaomba apewe simu yake, kisha akaninyooshea.

"Mama, umupige foto."

"Tulisikilizana," nikamwambia. "Tungoje kwanza kitofu kianguke."

"Mi sitaituma kwa muntu." Alisema polepole, bila kunitazama. "Ule wa kwanza, sura yake iko mu telefone tu. Kama shangazi yake hangemupiga, leo ningekuwa na nini?"

Wifi alisimama na sufuria ya maji ya moto, hakuiweka chini. Miaka yote hiyo nimewaeleza watu kwamba sheria yangu inawalinda wanawake kama huyu, na yeye mwenyewe sikuwahi kumuuliza.

Nikanawa mikono tena, nikashika simu, nikampiga mtoto picha ya uso, macho yamefumbwa. Nikamrudishia mama. Aliitazama kwa muda mrefu. Halafu kidole chake kikarudi nyuma, picha baada ya picha, mpaka akaipata ile ya zamani, akanigeuzia kioo cha simu.

"Banafanana," akasema.

Walifanana kweli, hasa paji la uso.